Sare ya Mwanasesere

Kutoka duka la dawa mpaka mlangoni kwangu ni mita mia mbili na kumi na sita. Nilizipima mwenyewe, kwa tepu ile ile ninayopimia viuno vya watu, nimeinama kando ya barabara huku wapita njia wakiniuliza nimeangusha nini. Nikawajibu nimeangusha akili. Mahakama ilisema zisipungue mita mia mbili, na mimi ni fundi cherehani. Kwangu kipimo hakikadiriwi kwa macho.

Zuio lenyewe lilikuwa la mdogo wangu, dereva wa gari la mikate. Alikatazwa kumsogelea mkewe aliyemkimbia, kumpigia simu, kumtuma mtu kwake, au kutafuta anakoishi. Kumwona binti yao wa miaka saba aliruhusiwa Jumamosi moja ndiyo, moja hapana, saa nane mpaka saa kumi na moja alasiri, ndani ya duka langu la ushonaji, mbele ya macho yangu. Basi Jumamosi ya zamu ikifika, wifi yangu anamleta mtoto duka la dawa, mimi naenda kumchukua, baba yake anaingia tukishakaa, na saa kumi na moja ikifika yeye ndiye anayetoka kwanza. Nasimama mlangoni nikilitazama gari lake mpaka lipotee. Nasubiri nusu saa nyingine. Halafu namrudisha mtoto kwa mama yake, nimemshika mkono, natazama nyuma kila hatua kumi kama mwizi.

Kazi hiyo nilipewa kwa kuwa pande zote mbili zilinikubali. Dada wa mmoja, wifi wa mwingine, shangazi wa mtoto: hakimu aliona hiyo ni bahati. Mimi nilijua ni mzigo, lakini sikuwa na uso wa kuukataa, maana mwenyewe nilisaidia kuufunga.

Ni hivi. Kwa miaka minne kabla ya hayo mambo ya mahakama, wifi alikuwa akiniletea nguo za kurekebisha. Blauzi iliyochanika begani. Gauni lililoachia kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Zipu iliyong'olewa pamoja na kitambaa chake. "Nimenasa kwenye msumari, wifi," anasema. Na mimi nasema, "Hiyo nyumba yenu ina misumari kuliko duka la vifaa vya ujenzi." Tunacheka. Lakini fundi yeyote anajua mshono uliochoka na mshono uliovutwa. Uliochoka huachia uzi mmoja mmoja. Uliovutwa huondoka na nyama ya kitambaa. Nilijua tangu blauzi ya kwanza. Nikashona, nikapiga pasi, nikamrudishia, nikanyamaza, kwa kuwa aliyekuwa akivuta ni mtoto niliyembeba mgongoni tangu mama yetu alipofariki. Naona aibu kuyasema haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na mdogo wangu ukimwona si mtu wa kutisha. Ana utani, ana salamu za kila mtu, wateja wangu wakimkuta dukani hawataki kuondoka. Siku ya kwanza ya ziara nilibandika masharti ya mahakama ukutani, kando ya kioo: usimwulize mtoto anakoishi, usimwulize anakosoma, usimseme mama yake, usimpige picha, usitoke naye nje. Akayasoma mpaka mwisho huku kashika kiuno.

"Dada, hata jela hawana masharti haya."

"Jela hawana shangazi," nikamjibu.

Akacheka mpaka akafuta machozi. Na masharti yale aliyashika yote, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka ikafika mahali nikaanza kujiuliza kama sisi wengine tulikuwa tumetia chumvi. Uchovu una tabia hiyo. Ukimlinda mtu muda mrefu na halitokei jambo, unaanza kuuona ulinzi wenyewe ndio kero.

Binti yao tulimwita Chiriku, kwa sababu alipoanza kusema hakunyamaza tena. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na kuku wa jirani na akajibiwa. Lakini siku mama yake alipoondoka naye, wawili na nguo walizovaa, maneno yalibaki kule kule. Ziara za mwanzo alikaa chini ya meza yangu ya kukatia, viatu vyake tu vikionekana. Ukimwuliza kitu anajibu kwa kichwa, na kwa kuwa kichwa kiko chini ya meza, hujui kasema ndiyo au hapana.

Nikamtengenezea mwanasesere. Mimi vipande situpi. Vyote vinaingia kwenye gunia langu, na watu wa mtaa hunicheka kwamba siku nikifa watanizika nalo. Mwili ulitoka kwenye suruali ya mwalimu mmoja mnene, nywele kwenye sweta kuukuu, macho vifungo viwili visivyolingana. Chiriku alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwita Mwenzangu. Mwenzangu alikaa rafu ya juu, pamoja na nyuzi, akimsubiri mwenyewe Jumamosi hadi Jumamosi, maana mahakama haikutaka vitu vitoke upande wa baba kwenda upande wa mama.

Mwanzoni mwa mwaka wifi alihama tena, akamhamisha na mtoto shule. Jumamosi moja, pale duka la dawa, akanipa mfuko mweusi uliofungwa mara tatu.

"Wifi, sare za dukani zinamkataa," akasema. "Ikimtosha urefu inampwaya, ikimkaa mwilini inaishia magotini. Nishonee wewe."

Nilipoufungua mfuko nyumbani nikakuta kitambaa cha mirabaraba ya zambarau, kimepitiwa na mstari mwembamba mweupe. Hakuniambia ni cha shule gani. Hakukuwa na haja. Mji mzima ni shule moja tu inayovaa kitambaa hicho.

Nilipompelekea magauni mawili, yamefungwa kwenye mfuko ule ule, aliyapokea akaniangalia machoni. "Tunaojua ni watatu, wifi. Mimi, mwalimu mkuu, na wewe."

"Mimi ni kaburi," nikasema.

Na kweli nilijitahidi. Nilishona mlango umefungwa. Nilikata alfajiri, nikapiga pasi alfajiri, hata mteja wa saa mbili hakuona kitu. Nilijisifu moyoni kwa usiri wangu. Vipande vilivyobaki nikavitia kwenye gunia. Huwezi kunielewa kama hujawahi kukaa kwenye cherehani miaka thelathini: kwangu kitambaa ni cha mtu mpaka mkasi umalize kazi. Kikishaingia kwenye gunia hakina mwenyewe tena, hakina jina, hakina shule. Ni vipande.

Baada ya majuma mawili tulikuwa njiani kurudi duka la dawa, mimi na Chiriku, jua la jioni likitupiga usoni, aliposimama ghafla.

"Shangazi, Mwenzangu naye anataka kwenda shule. Mshonee sare kama yangu, yenye kola, halafu mimi nitamfundisha kusoma kwa sababu yeye hajui hata a."

Nilisimama nikiwa nimeduwaa. Ile ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizozisikia kinywani mwake kwa mwaka mzima. Nilitamani kupiga kigelegele pale pale barabarani. Mtoto alikuwa amerudi, au angalau alikuwa amechungulia. Unadhani nilifikiria mahakama? Nilifikiria kola. Kola ya mwanasesere ni ndogo sana, inataka sindano ya mkono, na mimi macho yamenipungua. Nilikaa nayo jioni mbili, nikajidunga kidole mara nne, na sijawahi kushona kitu kwa furaha kama ile.

Jumamosi ya zamu iliyofuata Chiriku alipomwona Mwenzangu kwenye rafu, amevaa zambarau, alipiga kelele. Alimketisha kwenye kiti cha wateja akaanza kumfundisha a, e, i. Baba yake alipoingia alimkuta katikati ya somo, na hakukimbilia chini ya meza.

"Lo, mwenzetu kapendeza!" mdogo wangu akasema, akachuchumaa. "Kaanza shule?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

Baba yake akamchukua mwanasesere, akamgeuza huku na huku, akalishika pindo la gauni. "Kitambaa kizuri hiki, dada."

"Vipande tu," nikasema, nikiendelea kukanyaga cherehani.

Mteja anayependa rangi tu hukitazama kitambaa. Mteja anayejua anachotaka hukisugua kwa kidole gumba, taratibu, huku akiangalia pembeni. Nilikiona kile kidole gumba. Nilikiona kikienda na kurudi juu ya mstari mweupe, na nilishona mpaka mwisho wa mshono bila kufikiri lolote. Mdogo wangu anapeleka mikate maduka ya mji mzima, kila asubuhi anapishana barabarani na watoto wa shule zote. Hakuuliza swali hata moja. Masharti matano ya ukutani yalikuwa yametimia. Akamrudisha mwanasesere kwenye kiti, akambusu mtoto, akaondoka dakika ishirini kabla ya muda wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumanne asubuhi wifi alisimama mlangoni kwangu. Miaka miwili hakuwahi kukanyaga pale. Hata kulipita duka kwa mbali aliogopa. Alikuwa amevaa kandambili, na mkononi kashika ufunguo wa nyumba kana kwamba ametoka tu kufunga mlango akasahau kuutia mfukoni.

"Kaijua shule," akasema.

Akanisimulia akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Jana yake, wakati wa mapumziko, gari la mikate lilisimama getini. Mlinzi hakuwa na habari. Baba alimwita mtoto kwa jina, akampa skonzi kwenye uwazi wa uzio, akamwambia: mwambie mama yako asijisumbue kuhama tena. Kisha akawasha gari akaenda zake. Chiriku alirudi nyumbani jioni bado ameishika ile skonzi, imeminywa mpaka haijulikani, akatoa ujumbe neno kwa neno, na tangu hapo hajasema kingine.

"Nani kamwambia, wifi? Tulikuwa watatu."

"Haki ya Mungu, wifi yangu." Nikainua mkono. "Mdomo huu haukutoa neno. Nife hapa hapa kama nilisema."

Bado mkono ulikuwa juu nilipoona kwamba haniangalii. Alikuwa akitazama rafu ya nyuzi. Nikageuka. Mwenzangu alikuwa ameketi pale na kola yake nyeupe, vifungo viwili visivyolingana vikitutazama sote.

Mkono ukashuka wenyewe.

Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Aliweka magoti pamoja, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kupimwa.

"Una mikono mizuri sana, wifi," akasema. "Hata kola umeweka."

Nikageuzia macho yangu kwenye cherehani.

"Alhamisi tunaitwa mahakamani," akaendelea. "Yeye atasema njia yake ya mikate inapita pale. Atasema ni bahati tu. Na watamwamini, wewe unajua anavyoongea. Nikihama, atasema namficha mtoto. Nisipohama..." Hakumaliza. "Utakuja?"

"Nitakuja."

"Utasema nini?"

Nilichelewa kujibu. Si sana, pumzi mbili hivi, lakini alizisikia. Akainuka.

"Sina nguvu za kukubembeleza, wifi. Nimebembeleza watu miaka sita. Yeye, wewe, polisi, makarani. Nimechoka." Akatoka, na safari hii hakuangalia kushoto wala kulia kabla ya kuvuka barabara. Kulikuwa na haja gani tena?

Jumatano mchana mdogo wangu akaja, na mkate mkubwa kwapani, wa moto.

"Dada yangu, shikamoo! Unashinda na njaa na mimi nipo?"

"Marahaba. Weka hapo."

Aliuweka mkate juu ya suruali ya mtu. Akatazama rafuni. "Hicho kidude kitie moto."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema. Duka la pale shuleni limeomba mikate, njia yangu inapita pale. Nani atabisha?"

"Njia hiyo umepewa lini?"

Akatabasamu. "Jumatatu."

"Mdogo wangu."

"Mimi ni baba, dada. Nimeona sare ya mwanangu, nijifanye kipofu? Ungekuwa wewe?" Alivuta kiti akakaa, akainama mbele, na sauti yake ikawa ile ya utotoni, ya kuomba. "Wewe sema mwanasesere hakuwepo. Basi. Ukinitaja kesho wananifunga. Mama alikuachia nani pale kitandani? Alikuachia cherehani? Si alikuachia mimi?"

"Aliniachia wewe mimi. Hakumwachia wifi mzigo huo."

Hakupiga meza. Nataka hilo lieleweke. Aliulaza tu mkono wake juu ya meza ya kukatia, vidole vimetanuka, akaniangalia bila kupepesa.

"Usiniudhi, dada," akasema polepole.

Nikajikuta mgongo wangu umegusa rafu. Sikukumbuka kurudi nyuma. Nina miaka hamsini na miwili, yule ni mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na miguu yangu ilikuwa imerudi hatua mbili bila kuniomba ruhusa. Kibiringo kimoja cha uzi kikaanguka kikabingirika mpaka mlangoni. Tulikaa hivyo, yeye akinitazama na mimi nikiutazama mkono wake. Ndipo nilipoelewa misumari ya ile nyumba. Nilikuwa nimeijua kwa macho ya fundi miaka yote, sasa niliijua kwa magoti.

Akainuka, akacheka, akaniokotea uzi. "Umezeeka, dada, unaogopa hata ndugu yako." Akaondoka akipiga mluzi. Mkate sikuula.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na feni yake ilizunguka kwa kulalamika. Mdogo wangu alivaa shati jeupe nililomshonea mwenyewe. Alijibu vizuri kama wifi alivyotabiri: kazi yake ni mikate, shule ina duka, alimwona mwanawe akashindwa kujizuia, baba gani angeweza? Ujumbe hakutuma, mtoto ana mambo mengi ya kubuni. Hakimu, mzee wa miwani, alikuwa akiitikia kwa kichwa huku akiandika. Hata mimi ningeitikia.

Wakaniita. Karani akaniapisha. Nikafungua mkoba, nikamtoa Mwenzangu, nikamweka juu ya meza mbele ya hakimu. Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo.

"Hiki ni nini, mama?"

"Ni mwanasesere wa mtoto, mheshimiwa. Hilo gauni ni sare ya shule anayosoma. Nilimshonea mimi, kwa vipande. Jumamosi baba yake alilishika pindo hapo, akalisugua, akaondoka kabla ya muda. Jumatatu akapewa njia mpya ya mikate. Jana alikuja dukani akaniambia kwa mdomo wake kwamba aliijua shule kwa kuiona sare hiyo. Akaniambia niichome."

"Dada," mdogo wangu akasema, taratibu.

Sikumtazama. Ningemtazama ningeishia hapo.

"Na wewe ndiye uliyekabidhiwa kusimamia ziara hizi?" hakimu akauliza.

"Ndiye mimi."

"Kwa hiyo siri imetoka kwako."

"Imetoka kwenye gunia langu, mheshimiwa. Ndiyo. Imetoka kwangu."

Ningeweza kushuka. Hakimu alikuwa ameshainamia karatasi zake. Lakini mkobani nilikuwa na daftari langu la vipimo, na nilikuwa nimelala nalo kifuani nikishindana na nafsi. Nikamwomba nisome. Mimi huandika kila kazi: nguo ya nani, imeharibika wapi, nimetumia uzi gani. Nikasoma. Blauzi ya wifi, bega la kulia, uzi mweupe. Gauni la wifi, kwapa mpaka kiuno, uzi wa kijani. Sketi ya wifi, zipu imeng'oka na kitambaa, nimetia kiraka. Blauzi, bega la kulia tena. Gauni la mtoto, mkono wa kushoto. Hapo nikanywa maji, nikaendelea. Zilikuwa nguo kumi na moja, kwa miaka minne. Wifi alikuwa akitazama sakafu muda wote, mikono imekumbatia mabega, na sikujua kama nilikuwa namtetea au namvua nguo mbele za watu.

"Uliyaona haya yote," hakimu akasema. "Kwa nini hukusema wakati ule?"

"Nilikuwa nashona, mheshimiwa."

Halikuwa jibu, lakini sikuwa na jingine, na sina mpaka leo.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Mdogo wangu akapelekwa ndani siku thelathini kwa kuvunja zuio, na ziara zikasimamishwa mpaka mahakama itakapoamua vinginevyo. Mtoto ahamishwe shule, na mtu yeyote wa upande wa baba asijue anakoishi wala anakosoma. Karani alirudia alipokuwa akiandika: mtu yeyote. Akainua macho akaniangalia, si kwa ubaya, ni kuhakikisha tu kwamba nimesikia. Askari walimtoa mdogo wangu kwa mlango wa pembeni. Alipita karibu nami, akaniangalia shingoni, mahali tepu yangu huning'inia siku zote. Nilinusa mikate kwenye shati lake.

Mwenzangu alibaki mezani, amefungiwa karatasi yenye namba.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Chiriku alikuwa amekaa na mama mmoja, mwenye lile duka la dawa tunakokabidhiana mtoto. Aliponiona alitazama mkoba wangu.

"Mwenzangu yuko wapi?"

"Amebaki ndani. Anatoa ushahidi."

Alilifikiria hilo. "Lakini hajui kusoma."

"Amejitahidi."

Wifi akatoka. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu. Tulisimama, mimi na yeye, tukiwa hatuna pa kuiweka mikono. Nilitaka kumwomba msamaha na nikaona neno lenyewe ni fupi sana kwa shughuli ile. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ahsante, wifi," akasema. Baadaye akasema, "Umesikia walivyosema."

"Nimesikia."

"Sitaweza kukuambia."

"Usiniambie. Hata nikikuuliza, usiniambie."

Chiriku alikuwa akitutazama kwa zamu. "Shule mpya, nguo utanishonea wewe, shangazi?"

Mama yake akageuza uso upande wa dirisha. Basi nikaivua tepu shingoni, nikapiga magoti pale ukumbini, watu wakipita na mafaili yao. "Simama wima. Usivute tumbo." Nilimpima mabega. Nilimpima kifua, kiuno, mkono mpaka kwenye kifundo. Nilimpima kutoka begani mpaka chini ya goti, polepole, mara mbili, ingawa mara ya kwanza nilipata sawa. Alikuwa amekua sentimita tatu tangu mwanzo wa mwaka. Niliandika yote kwenye ukurasa safi wa daftari, nikaongeza kidogo kwenye urefu ili nguo imfikishe mwisho wa mwaka, nikauchana ule ukurasa, nikampa mama yake.

"Mpe fundi yeyote," nikasema. "Afuate hivyo hivyo, itamkaa. Na mwambie vipande vyote avichome."